Pijo ya mzee na boliti nilizofunga mwenyewe

Najua mlikuwa mnangoja sehemu ya pili ya ile makala ya hifadhidata. Itakuja, msiwe na wasiwasi. Leo naomba niwatoe mbele ya kompyuta kidogo niwapeleke gereji, kwa sababu rafiki yangu mmoja amenunua pikapu kuukuu na tangu siku hiyo simu yangu haijapumzika.

Swali lake lilikuwa fupi. Usukani unayumba, injini inachemsha ikipanda mlima, je, anunue spea gani kwanza? Nikamjibu kwa swali: hiyo pikapu ni ya mwaka gani? Akaona ninamkwepa. "Mimi nakuambia ugonjwa, wewe unaniuliza umri!"

Sasa ndugu zangu, hata daktari huuliza umri kabla hajashika kalamu. Gari la zamani ni kama programu iliyoandikwa na watu walioacha kazi miaka mingi iliyopita. Kila sehemu yake ni uamuzi ambao mtu fulani aliufanya mwaka fulani akiwa na sababu zake, na ugonjwa mwingi wa gari hilo umejificha ndani ya uamuzi ule. Usipoijua historia yake utabadilisha spea hadi pesa ziishe na tatizo libaki palepale. Mimi jambo hili nilijifunza vibaya, Desemba 2006, kwenye mteremko wa kushuka Naivasha, mama yangu akiwa ndani ya gari.

Gari lenyewe lilikuwa Peugeot 504 pikapu ya mwaka 1988, nyeupe, ya kubeba viazi na kabichi kutoka Kinangop. Sisi tuliiita Pijo tu, kama Wakenya wote. Wale waliozaliwa juzi huenda hawaelewi uzito wa jina hilo. 504 ilizinduliwa Ufaransa mwaka 1968, ikachaguliwa Gari la Mwaka la Ulaya 1969, na pikapu yake ikatoka 1979. Huku kwetu ziliunganishwa humu humu nchini, na zile ndefu za kubeba abiria ndizo zilizokuwa teksi za Nairobi na Nakuru. Kabla yake 404 ilikuwa imeshinda Safari Rally mara nne: 1963, 1966, 1967 na 1968. Ile ya 1968 matope yalikuwa matope kweli, magari saba tu ndiyo yaliyofika mwisho, na la kwanza lilikuwa 404 ya Nick Nowicki. Kisha 504 ikashinda 1975 mikononi mwa Ove Andersson, na tena 1978 mikononi mwa Jean-Pierre Nicolas. Watu wa umri wa baba yangu hawakununua Pijo, walinunua Safari Rally.

Lakini sababu ya kweli iliyofanya Pijo zidumu hapa, kwa maoni yangu, haikuwa mbio. Ilikuwa slivu.

Injini ya pikapu ya mzee ilikuwa ya petroli, silinda nne, ujazo wa sentimita 1796. Ukoo wake ni mrefu. Peugeot 203 ya mwaka 1948 tayari ilikuwa na mpango uleule: bloku ya chuma, silinda hedi ya alumini, na slivu zinazochomoka. Katika injini nyingi pistoni hutembea ndani ya tundu lililochongwa kwenye bloku yenyewe. Tundu likilika, bloku nzima hubebwa ikapelekwa kwenye mashine ikachongwe upya, na mashine hiyo haiko kila mji. Kwenye Pijo pistoni hutembea ndani ya bomba la chuma lililosimamishwa ndani ya bloku, maji ya kupoza yakiligusa moja kwa moja kwa nje. Bomba hilo ndilo slivu. Likilika unalichomoa, unaingiza jipya pamoja na pistoni na ringi zake. Kazi hiyo inafanyika chini ya mti, na katika Kenya ya jua kali imefanyika chini ya miti mingi sana.

Uamuzi wowote una bei yake, hata ule mzuri. Slivu zinatakiwa kuchomoza juu ya uso wa bloku kidogo sana, sehemu ndogo ya milimita, ili gasketi ibanwe sawasawa. Chini kuna kiziba cha kuzuia maji yasiingie kwenye oili. Injini ikichemsha mara kwa mara, hedi ya alumini inapinda, gasketi inaachia, maji yanaingia pasipostahili, na oili inageuka rangi ya chai ya maziwa. Kwa hiyo kila fundi wa Pijo akiambiwa gari linachemsha, mawazo yake hukimbilia gasketi na slivu. Ni sawa na mwanaprogramu ambaye kila programu ikikwama analaumu hifadhidata, kwa kuwa hifadhidata ndiyo iliyomtesa mara ya mwisho.

Nasi ndivyo tulivyofanya.

Mwaka huo 2006 pikapu ilianza kuchemsha ikipanda kutoka Naivasha kurudi nyumbani. Barabara tambarare, hakuna shida. Ikiwa mbio, hakuna shida. Ikipanda polepole gia ya pili na mzigo nyuma, mshale wa joto unapanda nao. Soma tena sentensi hizo tatu, maana jibu lote lilikuwa humo na sisi hatukulisoma.

Tulikuwa na mshukiwa mwingine. Mwanzoni mwa mwaka huo huo nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikuwa zimekamilisha kuhama kutoka petroli yenye risasi kwenda isiyo na risasi, kama zilivyokubaliana Dakar mwaka 2001. Kwa hiyo kila gari la zamani lililokohoa mwaka ule lililaumiwa kwa petroli mpya. Vijiweni ilikuwa wimbo: serikali imeleta mafuta ya kuua magari yetu. Hofu hiyo haikutoka hewani. Risasi iliongezwa kwenye petroli baada ya Thomas Midgley, akifanya kazi chini ya Charles Kettering katika maabara ya General Motors, kugundua mwaka 1921 kwamba inazuia injini kugonga. Baadaye ikaonekana pia inalainisha viti vya vali, na injini ambazo viti vyao vimechongwa moja kwa moja kwenye chuma laini cha hedi zinaweza kulika bila hiyo. Lakini hedi ya Pijo ni ya alumini, na alumini haiwezi kubeba viti vya vali peke yake, lazima iwekewe pete za chuma kigumu. Ukijua hilo, unajua wimbo wa kijiweni haukuihusu sana. Na hata ungeihusu, vali iliyolika hainyimi gari nguvu kwenye mlima wa polepole tu na kulisamehe kwenye barabara ya mbio. (Risasi yenyewe ilikuwa sumu kwa watoto, na kuondolewa kwake ni moja ya mambo mazuri kabisa yaliyofanyika barani mwetu bila mtu kupiga ngoma. Nchi ya mwisho duniani kuacha kuiuza kwa magari ilikuwa Algeria, 2021.)

Basi. Fundi wetu wa kijijini akasema gasketi imekwenda na slivu ni za kubadilisha. Mzee akauza ng'ombe mmoja. Mimi nilikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, nasomea kompyuta, nimerudi likizo najiona najua kila kitu, nikatumwa Nairobi kununua seti ya slivu na pistoni Kirinyaga Road, ile ambayo wazee bado wanaiita Grogan. Niliporudi nikawa utingo wa fundi.

Ili slivu zichomoke na pistoni zake, ni lazima ufungue nati za konrodi kwa chini. Ili uzifikie ni lazima sampu ya oili itoke. Na sampu ya pikapu yetu ilikataa kutoka mpaka tuliposhusha krosimemba, kile chuma kipana kinachopita chini ya injini kutoka upande mmoja hadi mwingine. Krosimemba ile ndiyo inayobeba injini, na juu yake ndipo reki ya usukani imefungwa. Kumbukeni hilo.

Kazi ilituchukua siku tatu. Siku ya tatu, wakati wa kurudisha, mimi ndiye niliyekuwa chini ya gari. Nilirudisha krosimemba, nikairudisha reki mahali pake, nikaingiza boliti zake na kuzikaza kwa vidole ili baadaye nizimalize kwa spana namba 17. Mama akaniita chai.

Sitaki kuirefusha. Nilikwenda kunywa chai, nikarudi, nikaendelea na kitu kingine.

Injini iliwaka vizuri, inanguruma kama mpya. Baada ya siku mbili, ikichukuliwa Naivasha na kurudi, ikachemsha tena mahali palepale pa mlima. Ng'ombe alikuwa ameuzwa bure. Na wiki hiyo hiyo Mzee akaanza kusema usukani umekuwa "mlevi". Unauzungusha, gari linafikiri kwanza, halafu ndiyo linafuata. Fundi akasema matairi yamelika upande mmoja, tukahamisha matairi. Akasema presha, tukajaza presha. Akashuku tairodendi, tukanunua tairodendi mbili. Kila kitu kilikuwa na nafuu ya siku moja, ile nafuu inayotokana na kutaka kuiona.

Hapa niwarudishe nyuma miaka mia mbili kidogo, maana usukani una hadithi nzuri kuliko injini.

Mkokoteni wa farasi wa zamani ulikata kona kwa kuzungusha ekseli yote ya mbele kwenye pini moja katikati. Kona ikiwa kali, mkokoteni unapinduka. Mwaka 1817 fundi mmoja wa Munich, Georg Lankensperger, alibuni ekseli isiyozunguka. Gurudumu kila moja linageuka kwenye pini yake, na fito zimepangwa ili gurudumu la ndani ya kona ligeuke zaidi kuliko la nje, kwa kuwa linapita njia fupi. Wakala wake wa London, Rudolph Ackermann, aliandikisha hataza hiyo Uingereza mwaka 1818. Mpaka leo mpango huo unaitwa wa Ackermann. Wanaprogramu mnaojua habari za nani aliandika msimbo na nani aliuweka jina lake, najua mnacheka.

Baada ya hapo swali likawa, mzunguko wa mkono wa dereva utafikaje kwenye zile fito? Njia mbili ndizo zilizotawala. Ya kwanza ni reki: gia ndogo mwishoni mwa nguzo ya usukani inasukuma fimbo yenye meno kushoto na kulia, na fimbo inasukuma magurudumu. Rahisi, nyepesi, mkono unaisikia barabara. Ndiyo iliyowekwa kwenye 504. Ya pili ni boksi lenye skrubu nene na nati inayopanda na kushuka juu yake, katikati yao zikizunguka gololi nyingi za chuma ili msuguano upungue. Boksi la namna hiyo liliingia kwenye magari ya General Motors mwaka 1940, na malori na pikapu zililipenda kwa sababu linavumilia mapigo na linampa dereva nguvu ya kuinua mzigo wa mbele. Toyota Hilux, iliyozaliwa mwaka uleule wa 1968 na 504, ililibeba boksi hilo kizazi baada ya kizazi. Ule usukani wa kusaidiwa na mafuta ulikuja kando. Francis Davis, mhandisi Mmarekani, alikuwa na gari lake lenye mtambo huo tangu 1926, lakini haukuuzwa kwenye gari la kawaida mpaka Chrysler walipouweka kwenye Imperial ya 1951. Miaka 25! Mtu anayelalamika kwamba programu yake haijapata watumiaji kwa miezi sita asome habari za Davis.

Sasa angalia tofauti. Boksi la gololi lina sehemu nyingi zinazolika: skrubu, gololi, mkono wa kushuka, mkono wa upande wa pili, na viungo vingi katikati. Likizeeka linapata uhuru kidogo kidogo kwa miaka, nawe unauzoea. Reki ina sehemu chache sana. Haizeeki hivyo, yaani kutoka nzima hadi mlevi kwa wiki moja. Reki ikianza kulewa ghafla, ama kiungo chake cha mpira kwenye nguzo kimepasuka, ama kitu kinachoishikilia kimeachia. Hiyo ndiyo historia iliyokuwa mbele ya macho yetu. Sisi tulikuwa tunanunua tairodendi.

Tarehe 22 Desemba tulikuwa tunashuka kwenda Naivasha sokoni, Baba akiendesha, Mama katikati, mimi dirishani, magunia ya viazi nyuma. Kwenye kona moja Baba alikata usukani na pikapu haikukata. Niliona mikono yake imezunguka na pua ya gari bado inatazama mbele, upande wa lori lililokuwa linapanda. Halafu reki ikafika mwisho wa uhuru wake na magurudumu yakakata yote kwa pamoja, tukarushwa upande wetu. Baba hakukanyaga breki. Alirudisha gia ya pili, injini ikalia, akaiachia pikapu ipande ukingo wa udongo mpaka ikasimama imeinama. Dereva wa lori alipiga honi mpaka akapotea kwenye kona. Viazi vilitawanyika barabarani. Mama alijigonga bega kwenye dashibodi, na bega hilo lilimsumbua kila msimu wa baridi tangu hapo.

Fundi aliyekuja kutuona pale ukingoni alikuwa mzee mmoja wa Naivasha, amevaa koti la mvua na jua linawaka. Hakugusa gari. Alisalimiana na Baba, akampa Mama pole, kisha akaanza kuuliza.

"Gari hili lilifunguliwa lini, Mzee?"

"Wiki mbili sasa."

"Na usukani ulianza kuyumba lini?"

Baba akafikiri. "Baada ya hapo. Siku chache baada ya hapo."

"Chini huku alifunga nani?"

Hakuna aliyejibu. Viazi bado vilikuwa vinabingirika kimoja kimoja.

"Ni mimi, Fundi," nikasema.

Hakunigombeza. Alinituma niingie ndani niushike usukani. "Kijana, zungusha kidogo kushoto, kidogo kulia. Kidogo tu. Usiache." Akajilaza chini akatazama. Baada ya dakika moja akaniita tubadilishane. Nikalala chini, yeye akazungusha, na nikaona kwa macho yangu kasha lote la reki likiteleza juu ya krosimemba, kushoto, kulia, kushoto, kama droo ya meza. Magurudumu yalikuwa yamesimama. Boliti moja haikuwepo. Nyingine ilikuwa imebaki nyuzi chache.

Kipimo hicho kinahitaji watu wawili na dakika mbili. Hakihitaji jeki wala senti moja. Tungekifanya siku ya kwanza ya ulevi wa usukani tungeokoa tairodendi mbili na bega la Mama.

Alipomaliza kufunga boliti (alizifunga yeye, mimi nilishika spana nyingine kwa nyuma) Baba akamwambia kuhusu kuchemsha. Fundi akauliza swali lililonikata maini: "Inachemsha ikiwa mbio au ikiwa polepole?" Polepole, mlimani. "Basi maji yapo, pampu inasukuma. Upepo ndio haupo."

504 nyingi zina feni isiyozunguka kila wakati. Puli inazunguka na mkanda muda wote, lakini feni yenyewe imekaa huru kwenye beringi. Maji yakishapita digrii 80 hivi, swichi kwenye radieta inafunga mkondo wa umeme, umeme unapita kwenye kipande kidogo cha kaboni kinachogusa puli, koili ndani ya puli inakuwa sumaku na kuivuta feni, ndipo inapozunguka. Peugeot walikuwa na feni za namna hiyo tangu enzi za 404. Sababu yao ilikuwa nzuri: feni inakula nguvu ya injini na kupiga kelele, na gari likiwa mbio upepo wa barabarani unatosha, kwa nini uizungushe? Mwaka 1960 huo ulikuwa uhandisi wa kupendeza kabisa. Lakini maana yake ni kwamba kupoa kwa injini kunategemea kipande cha kaboni chenye ukubwa wa harage. Na dalili ya harage hilo kuisha ni ileile: sawa ukiwa mbio, moto ukiwa polepole.

Alichukua kipande cha waya akaunganisha nyaya mbili za swichi pale kwenye radieta, ili kuidanganya feni kwamba maji yamepata moto. Feni nzima hutoa mlio mdogo, "tak", inaposhikwa. Yetu ilikaa kimya. Akafungua kishikio cha kaboni, akanipa mkononi kilichobaki. Kilikuwa vumbi na chemchemi. Jioni hiyo alichukua kaboni ya staata kuukuu, akaisugua kwa msasa mpaka ikaingia, akapima tena kwa waya. Tak.

Tulikuwa tumeuza ng'ombe kwa ajili ya harage.

Nirudi kwa rafiki yangu na maswali yake. Pikapu yake ni Hilux ya mwaka 1991, dizeli, injini ya 2L. Mwaka ukishaujua, nusu ya maswali yanakufa yenyewe. Dizeli haina plagi za cheche, haina koili, haina zile pointi na kondensa za mfumo ambao Kettering, huyuhuyu bosi wa Midgley, aliupeleka Cadillac mwaka 1910 na ambao ulitesa magari ya petroli hadi tulipokuwa watoto. Kwa hiyo injini yake ikikosa nguvu asinunue chochote cha umeme wa cheche. Aanze na chujio la dizeli na hewa inayoingia kwenye mabomba, halafu ajiulize amejaza wapi. Kuchanganya mafuta ya taa kwenye dizeli kulikuwa biashara kubwa nchini mpaka serikali ilipoweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018, ili bei zikaribiane na mchezo upungue. Pampu ya sindano hulainishwa na dizeli yenyewe, na mafuta ya taa hayalainishi.

Feni yake haina kaboni. Ina kiungo chenye mafuta mazito ndani, kinachobana kikipata joto. Injini ikiwa imezimwa na baridi aizungushe kwa mkono. Ikikataa kidogo ni nzima, ikizunguka mizunguko kadhaa kama pangaboi la dukani mafuta yale yamevuja. Na asikubali fundi amwondolee thamostati "ili gari lipoe". Ni tabia ya gereji zetu nyingi na inaficha ugonjwa tu. Injini hizo za 2L hazisamehe hedi iliyochemka; hupasuka. Kama mkanda wa taimingi haujulikani ulibadilishwa lini, hiyo ndiyo spea ya kwanza ya kununua, kabla ya kitu chochote cha usukani. Mtengenezaji alitaka ubadilishwe kila kilomita 100,000, na mita ya kilomita ya gari la mtumba ni hadithi ya kusimuliwa usiku.

Usukani wake ni boksi la gololi. Mtu mmoja ndani azungushe kidogo kidogo, mwingine chini ashike kila kiungo kwa kiganja, kuanzia mkono wa boksi kwenda hadi gurudumuni. Kiungo kibovu kinabisha hodi mkononi. Mkono wa upande wa pili wa boksi una bushi, na ndizo huisha kwanza. Juu ya boksi kuna skrubu ya kupunguza uhuru, na kila mtu anayeiona hutamani kuikaza. Aiache mpaka viungo vyote vimethibitishwa. Ukiikaza kupita kiasi usukani unakuwa mgumu, haurudi wenyewe baada ya kona, na gololi zinakula njia yake ndani. Na kwanza kabisa amuulize aliyemuuzia: gari hili liliguswa lini mara ya mwisho, na nani?

Pijo ya mzee ilitembea mpaka 2014, akaiuza kwa mtu wa Ol Kalou. Mzee hakuwahi kuniambia neno kuhusu zile boliti, hata siku moja. Ila kila nilipokuwa nikifika nyumbani likizo, kabla ya safari ya sokoni alifungua kijisanduku cha dashibodi, akatoa spana namba 17, akaiweka juu ya boneti, akaingia ndani kuvaa koti. Mimi nikaingia chini ya gari. Mama akipika chai, hakuniita mpaka nimetoka.